Harith na Andiko la Wazee

Darsait, Jumatano

Itangazwe kwa wote wanaohusika, yaani mimi peke yangu: baada ya siku tatu za jitihada, andiko dhana la Harith, la kuombea utafiti wake chuoni, limepata kichwa. Kirefu kuliko kanzu yake.

Harith ni mtoto wa dada yangu, mimi khalti wake, mama yake mdogo. Anaombea nafasi ya shahada ya pili, atafiti Kiswahili cha wazee wa Maskati waliotoka Unguja. Mimi chuo sikukiona, lakini mkono wangu unaandika, basi nikatupiwa mimi.

Jana kanisomea kwa simu: "Tatizo la utafiti ni kuwa vijana hawakai tena na wazee wao. Mtafiti atakaa na wazee kwa muda mrefu mpaka wamzoee." Nikaandika.

Mzee wa kwanza katika orodha yake ni mama yangu. Aliposikia mjukuu anakuja kuchukua karatasi, akaoka mkate wa kumimina, akajifunga kanga mpya, akakaa kumngoja tangu adhuhuri.

Saa kumi honi ikalia chini. Harith akapiga simu.

"Khalti, niteremshie tu, sina pa kuegesha!"

"Panda umuamkie bibi yako."

"Inshallah, utafiti ukishapitishwa."

Nikateremka. Kioo cha gari kikashuka kiasi cha karatasi kupita.

"Shukran khalti. Tatizo la utafiti umelieleza vizuri hasa!"

"Nnaishi nalo," nikamwambia.

Niliporudi juu, mama kisu kiko mkononi, mkate haujakatwa. "Yuko wapi?"

Nikamwambia hakupata pa kuegesha.

Nafasi zilikuwa tele.