Kuponi Zilizomfikisha Mama Mkwe Alaska

Trudy shoga, leo nimeaibika! Mama mkwe kanikana mbele za watu!

Namkabidhi keshia wa supamaketi kuponi zangu za punguzo, foleni ndefu nyuma yetu, mara mama akapaza sauti: "Jamani, huyu mimi simjui!"

Simjui! Na nimemleta kwa gari langu!

Tulipofika garini nikampa tiketi ya ndege ya kwenda Alaska kwa dada yake. Nikamwambia, "Mama, kila nilichopunguziwa kwenye sabuni nilikiweka kwa ajili ya hii."

Shoga, alilia mpaka miwani ikaingia ukungu. Hawajaonana tangu mazishi ya baba yao.

Sasa hivi yuko jikoni kwangu anakata kuponi magazetini. Nimemwambia apumzike, kanijibu: "Niache, mwanangu. Safari ijayo tunamleta dada huku!"