Sauti ya Baba Haifutwi

3 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Sisi wazima, ila baridi ya huku inatutia adabu.

Mama, ile programu ya simu niliyokutengenezea, ya kupokea oda za ushonaji, mbona naona kila jioni unajitoa humo, asubuhi unajiunga upya kama mgeni? Wateja wakituma vipimo usiku, vinapotea. Kuna nini?

Mwanao

9 Machi

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Magoti ni yale yale, lakini cherehani bado naikanyaga.

Jioni naifuta, asubuhi naipakua tena. Simu imejaa, mwanangu. Nikiiacha humo, simu inaganda, sauti alizonitumia marehemu baba yako hazifunguki. Na mimi silali mpaka nimsikie. Fundi simu ananiambia nizifute, eti simu ipumue. Nikamwambia afute za baba yake.

Sasa wateja wananikimbia. Nichague kazi au nimchague baba yako?

Mama

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Samahani kwa ukimya. Barua yako niliisomea kazini, nikalia mpaka wenzangu wakaniletea chai.

Nimekutengenezea nyingine. Hii haipakuliwi. Inafunguka kwenye mtandao, pale pale unapotafutia mitindo ya magauni. Gusa kiungo nilichokutumia, halafu ukubali iwekwe kwenye skrini, basi. Nafasi inayokula ni kama ya picha moja. Mtandao ukikatika, oda ulizokwisha kuzifungua utaziona.

Ila nisikudanganye, ile ya kwanza ilikuwa inalia oda ikiingia. Hii kwenye simu yako hailii, itabidi uichungulie mwenyewe. Ile ya zamani ifute kabisa. Baba mwache alipo.

Mwanao

11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Inafanya kazi, na wateja wameanza kurudi. Kutolia si neno. Hata wewe hukuwa mtoto wa kulia, na nilijua tu ukiwa na njaa.

Simu sasa ina nafasi. Basi jana nimejirekodi na mimi, nakuuliza kama umekula, nakugombeza kidogo. Sijakutumia. Ipo humo humo, siku nikiwa sipo utaichukua.

Mama

12 Aprili

Mama,

Shikamoo. Jana sikupata usingizi.

Hiyo sauti siitaki ya kwenye simu. Nimeomba likizo na nimepewa. Nakuja Jumamosi, unigombeze ana kwa ana.

Mwanao