Kurasa Zenye Niliruka, Papa Paluku

Papa Paluku,

Katika Mweso yote hakuna muntu mwenye bahati kama mimi, unajua. Ile siku wenye bunduki walimuua mutoto wako Muhindo kwenye njia ya Ntoto, risasi tatu zilipita karibu na sikio langu na hata moja haikunigusa. Watu wananinunulia pombe ya kasiksi ili niwaelezee. Wiki jana, mbele ya wakimbizi wapya wenye wanalala katika kiwanja chako, zikakuwa risasi tano.

Tangu tulikuzika, mambo iko hivi. Bibi yako, Mama Kavira, njo anakaa dukani. Anawapa wakimbizi chumvi kwa mukono, bila kupima, vile ulikuwa unamukataza. Na bado anamwambia kila muntu neno la mwisho la Muhindo, lenye mimi nililileta kutoka Ntoto: "Mwambie Papa asilie." Jumapili walilirudilia hata katika maombi ya marehemu. Niliinamisha kichwa. Watu walizani naomba.

Papa, nakuandikia juu ya kile kitabu. Kile cha polisi wa Suède, kule Ulaya, cha kifaransa, chenye tulikuta katika karton ya makaratasi ya kufungia karanga. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimeshaenda na karanga za watu. Nilitaka kupasua ingine, ukanizuia: "Acha hicho! Kuna muntu amekufa ndani. Tujue nani alimuua."

Macho yako ilikuwa imeshaingia ukungu, basi mimi, kijana wako wa dukani, mwenye niliachia masomo katika deuxième secondaire, nikakuwa mwalimu wako. Kila mchana, mvua ikipiga mabati na wateja wakikosa, nilikusomea na kukugeuzia kwa kiswahili. Uliuliza neige, ile theluji ya Ulaya, ni kitu gani. Nikajibu kama mwenye alizaliwa Stockholm: "Ni majivu ya baridi, Papa." Ukaridhika!

Ulimupenda sana yule inspecteur, mupelelezi wa kitabu. Soksi zimelowana, anakohoa, bibi yake alimukimbia, na bado anarudi kuuliza watu. "Ona polisi hii," ulisema, "haiombi hata pesa ya carburant ya gari!" Tukacheka mpaka Mama Kavira akatoka jikoni kuuliza ni nani ameolewa. Kisha ukasema: "Kwao muzee mumoja wa posta anakufa, inchi nzima haipumziki. Muhindo wangu, nani alikuja kuniuliza hata jina lake?"

Basi ukaanza kuuliza wewe mwenyewe. Polepole, chai mukononi, kama inspecteur. "Mulikuwa wapi, mukisikia risasi ya kwanza? Alianguka upande gani? Alikuwa amevaa shati gani?" Nikajibu ya bleu. Siku ingine ukauliza tena, nikajibu ya njano. Hukunigombeza. Ulisema tu: "Endelea kusoma."

Na mimi nikafika kwenye sehemu ya yule shahidi, muuza tiketi wa bandari. Alikuwa amesema aliona muuaji kupitia dirisha lake. Inspecteur anarudi kwake mara ya nne, habishani naye, anaangalia tu lile dirisha. Barafu imelifunika lote. Hakuna mwenye angeweza kuona kitu pale.

Papa, nikaruka. Kurasa kumi na moja! Nikakuambia muuaji ni jirani, kitabu kimeisha. Uligeuza uso kunielekea, ukasema: "Leo umesoma haraka, mutoto wangu."

Mutoto wangu. Mwezi ule ule ukalala, hukuamuka tena. Sijui kama ulikuwa umeshajua. Nalala na hiyo, naamuka na hiyo.

Sasa sikiliza ahadi yangu. Jumapili, watu wakitoka misa, nitamwambia Mama Kavira yote, mbele ya kupata nafasi ya kufanya mizaha. Akinifukuza, ni haki yake. Kisha nitashuka Ntoto. Nitamutafuta mwenye alimuosha Muhindo na mwenye alimuchimbia kaburi, niwaulize alivaa nini, alisema nini ao hakusema kitu, na nani alimushika mukono. Wakichoka nami, nitarudi tena kesho yake. Nitakuja kukusomea majibu kwenye kaburi lako, polepole, bila kuruka hata mustari.

Lala, Papa yangu. Usinisalimie Muhindo kwanza, sijastahili.

Ni mimi, Safari wako.

Na risasi, Papa. Hakuna risasi yenye ilipita karibu nami. Pale Kingi, mbele ya kufika Ntoto, kulikuwa ndoa ya watu wenye sikuwajua, na pombe ilikuwa nyingi. Nikamwambia Muhindo atangulie na pikipiki ya chumvi, nitamufuata. Nilifika Ntoto kesho yake, wameshamuzika. Niliporudi uliniuliza kitu kimoja tu: "Hakukufa peke yake?" Nikakosa nguvu ya kukuambia kweli, nikatunga risasi, nikatunga na neno lake la mwisho. Sikuponyoka kitu. Sikuwepo.