Siku Tuliyotazama Watu wa Anga kwa Okello

Gatwekera, Kibera
Januari 2008

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Habari za hapo Kitui? Goti lako limepoa, au bado unabishana nalo ukipanda kutoka kisimani? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Shika neno hilo unaposoma, maana huko mbele utaingiwa na baridi.

Tangu matokeo ya kura yatangazwe sijafungua kibanda changu cha viatu. Nani atashona soli watu wakikimbia? Na sasa hata sisi Wakamba tunatafutwa na vijana wa upinzani, eti tumeegemea upande wa serikali. Kwa hiyo mchana nashinda kwa jirani yangu Okello, Mjaluo ambaye chumba chake na changu vinatenganishwa na bati moja tu. Yeye na mkewe, Mama Achieng, wana televisheni na sidii za kipindi kimoja cha watu wanaosafiri angani kwa meli.

Juzi kipindi kilikuwa kibaya. Maadui walikuwa wameizingira meli, wanadai mgeni mmoja aliyefichwa ndani. Wakipewa huyo, wengine wataachwa. Okello alikuwa amekaza macho, akisema wamtoe tu, mtu mmoja asiangamize meli nzima. Mara adui akazuka nyuma ya nahodha, nami nikapiga ukelele kwa Kikamba, kama tulivyozoea kwetu tukishtuka. Mabati hayafichi kitu, Mwaitu. Nje nyayo zikasimama, kisha mlango ukagongwa.

Walikuwa vijana watatu wenye marungu. Wakauliza Mkamba aliyeongea humu ni nani.

Okello hata hakuinuka. "Ni TV hiyo. Hao watu wa anga wanaongea vitu hata mimi sishiki. Kaeni muone, lakini msisimame mbele ya skrini."

Wakakaa kweli. Mmoja alikaa karibu nami hadi rungu lake likagusa mguu wangu. Mama Achieng akaniwekea mtoto wao mapajani, akasema, "Shemeji, mshike nikoroge uji." Na kipindi nacho kikazidi ubaya. Nilikuwa naogopa kuogopa, maana nikishtuka tena kinywa changu mwenyewe kitaniuza. Niliuma ulimi hadi nikaonja damu. Sijawahi kuwa na hofu kama ile, na sioni haya kukwambia.

Mwishowe nahodha alifungua mlango wa meli akamtoa yule mgeni. Kijana wa karibu yangu akacheka. "Fiti. Si sasa wameokoka."

Okello akamgeukia, akamtazama usoni. "Hapana," akasema. "Hapo wamekosea."

Nilijua tumekwisha. Kijana akamwangalia Okello, akaniangalia mimi na mtoto. Kisha akasimama, wenzake wakamfuata nje. Okello alipotaka kufunga mlango komeo lilimshinda, ikabidi nimsaidie. Tulikunywa uji.

Nisalimie dada Mwende, mwambie aache kulia kila redio ikitaja Nairobi. Mjomba Kioko anayetuchungia mbuzi mpe salamu zangu, na mbuzi wasizidi kukonda kwa kisingizio cha siasa. Umeniita nirudi, nami nitakuja barabara zikitulia.

Najua ukiomba jioni unatutaja mmoja mmoja. Mtaje na Okello, umtangulize kabla yangu. Mimi nitaondoka, na wale vijana sasa wanaujua mlango wake.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Mutua