Nyanya Aliyemenya Ndizi Mbichi

Mama,

Huku Mitunguu jua linachoma kuliko kwetu Majimbo. Natumaini vidole vyako vimetulia leo.

Wiki nzima nimemwendesha daktari wa kampuni yetu ya bima, kuwaona wagonjwa wa kliniki ya kanisa wanaotumia ile dawa mpya ya viungo ambayo kampuni imekataa kulipia. Anasema ilijaribiwa ng'ambo, kwa watu waliosimamiwa na nesi kila siku. Anataka kujua kama inasaidia mtu mwenye shamba. Sikumwambia kwamba wewe unaingoja, asije akadhani namwomba.

Wa mwisho alikuwa nyanya mmoja. Daktari akamuuliza, "Maumivu ni nambari ngapi, moja mpaka kumi?"

"Sijui hiyo nambari, daktari. Mwaka jana nilikuwa namenyewa ndizi na jirani."

Akachukua kisu, akamenya sufuria nzima ya ndizi mbichi tukimwangalia, kisha akatupikia.

Ndani ya gari daktari akasema, "Nitaandika ilipiwe." Neno lake ndilo la mwisho. Nikashuka, nikajifanya naangalia gurudumu.

Nimekununulia kisu cha ndizi, Mama. Kiweke karibu.

Kijana wako,
Mugendi