Betri za Kogo Zilikuwa Nzima

Chepkirui na Baba,

Mashine ya Kogo ya kupima sukari imewaka! Hata mwenyewe amepiga makofi. Mpimeni tena kabla hajala chakula cha mchana.

Sasa sikieni. Wiki nzima nimemwimbia Baba kwamba betri alizomnunulia Kogo, mama yake, kule Kakuma ni feki. Asubuhi hii nimezibeba mpaka kwa Asekon, fundi wa saa hapa Kanamkemer, nikiwa nimefura, awe shahidi wangu. Akapima ile moja iliyobaki kwenye kadi yake ya dukani: imejaa! Akauliza zile zingine nilikuwa naziweka wapi. Nikamwambia hizo nilizitoa kwenye kadi, nikazitia pamoja kwenye kopo la majani chai ili zisipotee. Alicheka mpaka miwani ikaanguka. Kumbe zikigusana vile zinamalizana zenyewe kwa zenyewe!

Ile moja ndiyo imewasha mashine. Nimenunua nyingine mbili kwake, tarehe ya mwisho iko mbali sana. Ziko kwenye kadi, MSIZITOE. Zilizokufa nimezifunga kwa selotepu na kuziweka juu ya kabati, Chepkirui, mdogo wako asije akazimeza.

~~Baba Chepkirui, naomba unisa~~

~~Lakini hata wewe ungeniambia~~

Niko kanisani, mazoezi ya kwaya, narudi saa kumi. Kuna samaki wa Kalokol kwenye sufuria. Kile kichwa ambacho huwa simgawii mtu, leo ni cha Baba. Ale tu, asiniulize kitu.

Mama