Tuta la Viazi Nyuma ya Nyumba

Mwanangu Leanne,

Salamu nyingi kutoka huku Tasmania. Baba yako hajambo, ila goti. Shangazi Shirley hajambo, anakusalimu sana. Kuku wanataga, hata mbwa mjinga hajambo. Na wewe, unakula lakini?

Viazi vimeota vizuri. Nyuma ya nyumba palikuwa na majani marefu kama ya vitunguu, nikayang'oa na mizizi yake, baba yako akayachoma moto, nikapanda viazi papo hapo.

Sasa mwanangu, sikiliza. Jana nilikwenda ukumbini kwa wale wazee wanaokusanya habari za zamani za kijiji. Jirani yetu Bibi Merle, wa miaka tisini, akanionyesha picha ya zamani ya nyumba yetu, ambamo yeye alizaliwa. Akacheka, "Wewe mgeni, unakaa na dada yangu hata kodi humtozi!"

Nikamuuliza, dada yupi?

"Elsie. Alikufa ana siku nne. Tulimzika huko nyuma ya nyumba. Jiwe la kaburi hatukuweza kulinunua, mama akampandia maua ya manjano. Jumapili ya wiki ijayo nakuja kumwona, yatakuwa yamechanua."

Leanne, chai yote ilinimwagikia. Yale majani niliyong'oa ndiyo maua yake. Nimelima juu ya mtoto wa watu!

Baba yako anasema, "Nunua maua mengine dukani, kikongwe macho yenyewe hana." Mimi siwezi. Nitamwambia kabla hajafika getini. Lakini nianze na neno gani? Wewe ndiye uliyesoma. Nijibu upesi, mwanangu, barua yako ifike kabla yake.

Mama yako akupendaye,
Doreen